Kikao cha Alhamisi

Ernestina alisoma taarifa kumi na moja kuhusu kipindupindu cha kambi ya Kinyavuge, na hakuna mbili zilizokubaliana juu ya siku ugonjwa ulipoanza. Shirika la tiba liliandika tarehe tatu Machi 2009. Shirika la maji liliandika tarehe tisa. Wizara ya afya ya nchi iliyokuwa na kambi hiyo iliandika tarehe nane, kwa kuwa ndiyo siku ilipotoa tangazo. Shirika la wakimbizi, ambalo kazi yake ilikuwa kuwakalisha wote meza moja, liliandika "mwanzoni mwa Machi", likaongeza kwamba uratibu baina ya wadau ulikuwa mzuri.

Ernestina alikuwa na miaka thelathini na miwili. Kabla ya kupata ufadhili wa kusoma shahada ya pili ya afya ya jamii Columbus, Marekani, alikuwa amefanya kazi miaka mitano Muleba, Tanzania, kama ofisa afya wa wilaya. Alikaa Westerville, kwa binamu yake Belinda, aliyekuwa muuguzi na aliyemwazima gari kila alipohitaji. Mwaka huo wa 2015 wanafunzi wenzake karibu wote waliandika juu ya Ebola ya Afrika Magharibi: nani alichelewa kutangaza, nani alipaswa kumpigia nani simu. Msimamizi wake alimwambia atafute mlipuko mdogo uliosahaulika, ambao watu wake bado wako hai.

Kinyavuge ilikuwa imekwisha kufungwa. Wakimbizi wake, wengi wao Wakongo wa Kivu ya Kusini, waliletwa Marekani kwa mafungu, na wengi waliangukia miji mitatu: Columbus, Louisville na Buffalo. Swali la Ernestina lilikuwa fupi. Tangu mtu wa kwanza kuutambua ugonjwa mpaka tangi la maji lililoueneza kufungwa zilipita siku sita. Siku hizo sita zilikwenda wapi?

Kamati ya maadili ya chuo ilimpa kibali kwa sharti moja aliloliwekea saini: lolote atakaloambiwa na mmoja, asilipeleke kwa mwingine.

Columbus alihoji watu saba. Walikumbuka kiu, walikumbuka maiti zilizofungwa kwenye maturubai, lakini hakuna aliyejua mambo ya vikaoni. Wawili kati yao walimwambia bila kuulizwa, kila mmoja kwa wakati wake, "Uende Louisville, umuulize Cibalonza."

Alikwenda Jumamosi moja ya Novemba. Cibalonza aliishi na binti yake Sandrine, wa miaka kumi na minne, katika nyumba za kupanga upande wa kusini wa mji. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na mitatu, mwenye mikono mipana. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa, shifti ya kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo alikuwa amekwisha kuvaa sare yake ya zambarau. Alimwekea mgeni chai na maandazi, akatazama kinasa sauti kilichowekwa mezani.

"Hii iko inasikia?"

"Inasikia, mama. Ukitaka nikizime, nitakizima."

"Iache isikie."

Akaeleza kwamba kambini alikuwa relais, yaani mhudumu wa afya wa jamii, mkimbizi anayewahudumia wakimbizi wenzake.

"Tulikuwaka batu kumi na mbili, kila mutu na bloku yake. Asubuyi unaenda nyumba kwa nyumba, unauliza, nani anagonjwa hapa, nani anahara, unaandika. Ile mardi, Jumanne ya tarehe tatu, nikakuta batu tisa kwa bloku moja. Bote banachota mayi kwa tangi namba ine. Bon, mi kolera, ile munaita kipindupindu, niliionaka Bukavu tukiwa batoto. Haiwezi kunipita. Mutu anatoka mayi ya muchele. Donc nikaandika kwa karatasi: kolera, tangi ine, mufunge."

"Ukampa nani karatasi hiyo?"

Cibalonza alimwita Sandrine kutoka chumbani, akamwambia aende dukani kununua maziwa. Msichana akajibu kwa Kiingereza kwamba maziwa yapo, galoni nzima. Mama yake akamwambia anunue mengine. Mlango ulipofungwa, akaendelea.

Mahali mambo yalipoamuliwa ni kwenye kikao cha Alhamisi. Mashirika yote yalikaa hapo pamoja na mtu wa wizara, katika hema jeupe karibu na lango. Mhudumu mkimbizi hakuruhusiwa kuingia. Mkimbizi mmoja tu ndiye aliyeingia, kwa sababu alikuwa mkalimani: Mushagalusa. Alikuwa jirani yao, rafiki wa marehemu mumewe, na ndiye aliyesimama kanisani Sandrine alipobatizwa. Nyumba nzima, na baadaye kambi nzima, ilimwita Parrain, yaani baba wa ubatizo.

"Nilimupa mu mukono yake, mbele ya ile hema. Nikamwambia, Parrain, usome yote, usipunguze kitu. Akasema, sawa. Saa sita bakatoka. Yeye akapanda juu ya camionnette na megafoni, akazunguka bloku zote. Unajua alisema nini? 'Ni kuhara ya kawaida. Muchemshe mayi. Ni kuhara ya kawaida.' Muchemshe na kuni gani?"

Alikuwa na mdogo wake, Nsimire, wa miaka ishirini na miwili, aliyekaa bloku ya jirani. Jumanne hiyohiyo alikuwa amemkataza kuchota kwenye tangi namba nne. Nsimire alimtii siku mbili, akitembea mpaka tangi la mbali na ndoo kichwani. Ijumaa akarudi kwenye tangi la karibu.

"Nikamuuliza, mbona? Akasema, 'Parrain amesema ni ya kawaida.' Parrain amesema." Cibalonza alisogeza sahani ya maandazi kidogo, kisha akairudisha palepale. "Alikufa dimanche, Jumapili. Njo ile siku wizara ilisema kwa redio kama kuko kolera. Kesho yake bakafunga tangi."

"Na karatasi?"

"Aliimeza. Sikusema na yeye tena mpaka leo. Alikuwa anapenda ile badge yake, anapenda kukaa na bakubwa. Aliogopa kuwasumbua." Alimtazama Ernestina usoni. "Minajua eko Buffalo. Utamuona?"

"Mama Sandrine, siruhusiwi kusema nitamwona nani."

"Hata kusema ndiyo ao hapana?"

"Hata hivyo."

Cibalonza akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kumbe na ninyi muko na kikao yenu," akasema. Akainuka kutafuta koti lake, maana saa ya kazi ilikuwa imefika.

Majira yale ya baridi Ernestina alipata muhtasari wa kikao cha tarehe tano Machi 2009. Ulitumwa kwa barua pepe na mtunza kumbukumbu wa shirika la wakimbizi. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Ulitaja wahudhuriaji tisa kwa vyeo vyao na, chini kabisa, "mkalimani". Kuhusu ugonjwa kulikuwa na mstari mmoja: wadau wamejulishwa juu ya ongezeko la kuhara kukali kwa majimaji, hatua zaidi zinasubiri uthibitisho wa maabara. Karatasi haikutajwa. Aliusoma mara nyingi kuliko ulivyostahili. Ulikuwa umeandikwa kwa lugha aliyoifahamu vizuri, kwa sababu Muleba naye alikuwa akiandika hivyohivyo.

Februari alipanda basi kwenda Buffalo. Mushagalusa aliishi mtaa wa Kensington-Bailey, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, na theluji ilikuwa imerundikwa pande zote za ngazi. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye nywele zilizoanza mvi juu ya masikio. Alifanya kazi ghalani, kupakia masanduku kwenye malori. Mkewe Charlotte alikaa naye kwenye kochi muda wote wa mahojiano, akichambua maharage.

Ernestina alimsomea fomu ya ridhaa. Mushagalusa alitia saini haraka, kama mtu aliyezoea karatasi za ofisi.

"Ulikuwapo kwenye kikao cha tarehe tano?"

"Nilikuwapo. Bon, nitakueleza yote mara moja, usinikatize. Nikikatizwa nitaanza kusema maneno mazuri."

Kabla ya kikao, alisema, mhudumu mmoja alimpa karatasi. Hakumtaja jina, na Ernestina hakuuliza. Zamu yake ilipofika aliiweka mezani, akaitafsiri neno kwa neno, mara mbili: kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza. Watu tisa walimsikiliza. Hakuna aliyemcheka.

"Daktari wa shirika la tiba akasema, 'Ninamwamini huyu mama. Tufunge tangi leo.' Wa maji akasema, 'Nikifunga tangi namba nne, watu elfu sita watakwenda mtoni leo jioni, na mto ni mbaya kuliko tangi. Nionyesheni jibu la maabara, nami nitaleta maji kwa malori.' Alikuwa na haki, unaona? Malori yalikuwa ya shirika lingine, na lile haliwezi kutoa malori bila dharura kutangazwa. Kutangaza ni kazi ya wizara. Mtu wa wizara akasema sampuli iko njiani kwenda mji mkuu, na kabla ya jibu hakuna mtu atakayetamka neno kolera ndani ya nchi yake. Watafunga soko la samaki, watafunga mpaka. Akasema kuna kanuni za kimataifa, serikali ndiyo inayotoa taarifa kwa dunia, siyo kambi. Na yeye pia alikuwa na haki."

"Na mwenyekiti?"

"Madame wa shirika la wakimbizi. Mutu muzuri. Alichoka, macho mekundu. Alisema, 'Tukigombana leo, kesho wizara haitakuja kwenye meza hii, na bila wizara hatuna kambi.' Wakatafuta neno ambalo wote wanaweza kulisaini. Walichukua karibu saa nzima kwa lile neno. Wakapata: kuhara kukali kwa majimaji. Wakashukuriana. Daktari alikuwa karibu kulia, lakini alisaini na yeye."

Charlotte aliacha kuchambua maharage, akamtazama mumewe.

"Halafu wakanipa megafoni," Mushagalusa akasema. "Kwa bloku ya kwanza nilisema vile waliniambia. Kuhara kukali. Watu wakakimbilia gari. Wanawake wanapiga kelele, 'Ni kolera? Parrain, ni kolera?' Wanavuta suruali yangu. Mimi siruhusiwi kusema ndiyo. Nikiwa kimya, wataelewa ni ndiyo. Nikasema, 'Hapana, ni kuhara ya kawaida.' Wakatulia. Kwa bloku ya pili nikaanza na hiyo hiyo. Mpaka mwisho."

"Nani alikuambia useme 'ya kawaida'?"

"Hakuna. Ndani ya hema hakuna mtu alilisema. Ni langu."

Kisha Charlotte akasema polepole, "Hii hukuniambiaka."

"Hapana," mumewe akajibu. "Hukuniuliza, na mimi nilishukuru."

Alipomsindikiza Ernestina mpaka chini ya ngazi, alimwuliza kama amekwenda Louisville. Ernestina akamjibu kama alivyomjibu Cibalonza. Mushagalusa akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. "Mtu mmoja kule anaamini kwamba sikuipeleka karatasi," akasema. "Nikienda kumwambia kwamba niliipeleka, lazima nimwambie na ile nyingine. Moja haiwezi kwenda bila ya pili."

Katika basi la kurudi Ernestina alijaribu kupanga maelezo yake na akashindwa. Alikumbuka kikao kimoja cha Muleba, mwaka 2011. Mganga wa zahanati alikuwa amepiga simu akisema ana wagonjwa watano wenye dalili asizozipenda. Watu wa mashirika mawili walikuwapo mezani, na mwakilishi wa mkoa. Ernestina ndiye aliyesema, "Tusubiri maabara." Alisema hivyo kwa sababu ndivyo mwongozo ulivyoagiza. Jibu lilipokuja halikuwa kipindupindu, na mkuu wake alimsifu kwa utulivu. Hakuwahi kujiuliza angekuwa nani leo kama jibu lingekuwa lingine.

Alimweleza msimamizi wake shida yake bila kutaja majina. Watu wawili, mmoja anamchukia mwenzake kwa kosa ambalo hakulifanya, na hajui lile alilolifanya. Msimamizi alifikiri, akamwambia, "Huwezi kubeba habari. Lakini habari ya mtu ni mali yake. Unaweza kumkumbusha hilo."

Ernestina akampigia Mushagalusa. "Baba, ulichoniambia ni chako. Fomu imenifunga mimi, haikukufunga wewe."

"Minajua hiyo tangu miaka saba," akajibu, na simu ikakatika.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi moja ya Machi, saa mbili asubuhi, alipiga yeye. Alikuwa kituo cha mabasi cha Columbus. Barafu ilikuwa imelikwamisha basi lake karibu na Cleveland, na lile la Louisville lilikuwa limemwacha. Jingine lilikuwa la jioni, na jioni Mama Sandrine angekuwa kazini. Anuani alikuwa ameipata zamani kwa watu wa kanisa, na wao ndio waliomwambia saa zake za kazi. Hakuomba kitu. Alieleza tu mambo yalivyo, na Ernestina akasema anakuja.

Aliacha kinasa sauti na daftari mezani kwa Belinda. Belinda alimwuliza kama jambo hilo linaruhusiwa.

"Kumwendesha mtu garini?" Ernestina akasema. "Sijaona mahali pameandikwa hapana."

Walisafiri saa tatu na nusu, wakapita Cincinnati bila kusimama. Mushagalusa alivaa suti ya kanisani chini ya jaketi la kazi. Njiani aliongea kuhusu ghala, kuhusu binti yake Patricia aliyetaka kusomea famasia, kuhusu bei ya kodi. Walipouvuka mto kuingia Kentucky akaanza kunyoosha kola ya suti yake.

Sandrine ndiye aliyefungua mlango. Alimkumbuka, au alikumbuka picha yake. Akaita ndani kwa Kiingereza, "Mama, ni Parrain," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetangaza fundi wa bomba.

Cibalonza alitoka jikoni na kijiko mkononi. Aliwatazama wote wawili. Kwa Ernestina alisema, "Wewe njo umemuleta."

"Gari tu, mama. Maneno ni yake."

Hakuwakaribisha kukaa. Mushagalusa alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, akaanza kuzungumza kwa Mashi, lugha ya kwao. Cibalonza akamkatiza. "Sema Kiswahili. Mutoto asikie na yeye."

"Karatasi yako niliipeleka," akasema. "Niliisoma mara mbili. Kolera, tangi ine, mufunge. Vile uliandika."

"Na balisikia?"

"Walisikia. Wote tisa."

"Docteur pia?"

"Docteur alisema anakuamini. Alisema tufunge leo."

Cibalonza aliweka kijiko juu ya televisheni. Akaketi kwenye ncha ya kiti. Ernestina alitarajia kuona ahueni usoni mwake, lakini haikuwapo. Alimwuliza Mushagalusa nani alikataa, naye akamweleza, mmoja baada ya mwingine, kama alivyoeleza Buffalo, na sababu ya kila mmoja. Cibalonza alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna mutu," akasema. "Kila mutu alikuwa na sababu yake nzuri."

"Ndiyo."

"Miaka saba nilikuwa na wewe. Usiku nikikosa usingizi, niko na wewe, nakutukana. Wewe nilikuwa naweza kukuchukia. Sasa nichukie nani? Meza?"

"Bado," akasema Mushagalusa. "Bado sijamaliza."

Akamweleza juu ya gari, bloku ya kwanza, wanawake waliomvuta suruali, na neno lililotoka kinywani mwake. Hakusema aliogopa, hakusema alikuwa amechoka. Alisema, "Waliniambia niseme kukali. Mimi nikasema ya kawaida. Ni mimi, Mama Sandrine. Nsimire alisikia mimi, hakusikia meza."

Sandrine alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa na miaka minane mama yake mdogo alipokufa, na hakuna aliyewahi kumsimulia hivi. Aliuliza kwa Kiingereza, "Kwa nini hukusema tu ndiyo?" Kisha, kwa sababu mama yake alimtazama, akarudia kwa Kiswahili, akitafuta maneno: "Juu ya nini hukusema ndiyo?"

"Nilitaka watulie," Mushagalusa akamjibu. "Walikuwa wanalia. Nilitaka waache kulia."

Cibalonza akainuka, akaenda jikoni, akafunga mlango. Maji yalisikika yakitiririka muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu, na alikuwa amebeba ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sinia. Akaweka mezani kwa kishindo.

"Pardon sina nayo hapa," akasema. "Usiniombe leo. Lakini umetoka mbali, na mutu hatoki kwangu na njaa. Mukule."

Wakala. Mushagalusa alikula kidogo sana mpaka Cibalonza akamwambia asimtukane kwa kuacha chakula, ndipo akamaliza. Hakuna aliyeongea juu ya Kinyavuge. Saa saba na nusu Cibalonza akavaa koti. Mlangoni alisimama, akamwuliza Mushagalusa swali moja bila kumgeukia.

"Ile Madame. Alijua kama batu balikufa juu ya ile saa moja balitafuta neno?"

"Alijua. Alikuja kwenye mazishi ya Nsimire. Alisimama nyuma kabisa."

"Sikumuona."

"Hakutaka uone."

Cibalonza akatoka kwenda kazini.

Ernestina aliitetea tasnifu yake mwishoni mwa Aprili. Aliandika kwamba katika siku zile sita kila shirika lilifuata mwongozo wake, na kwamba miongozo hiyo, ikiwekwa pamoja, ilimpa kila mmoja haki ya kumsubiri mwenzake. Aliandika pia kwamba mashirika manne na wizara moja yalikuwa na mgawanyo wa kazi kwa kila kitu, tangu vyoo mpaka maturubai, isipokuwa kazi ya kuwaambia wagonjwa, kwa lugha yao, jambo lililoamuliwa. Kazi hiyo ilipewa mtu mmoja asiye na kiti mezani. Habari za Jumamosi ile hakuziandika. Mtahini mmoja alimwuliza ni nani hasa aliyekosea. Ernestina alijibu kwamba swali hilo limemchukua mwaka mzima na bado hana jibu la mstari mmoja. Mtahini akaandika kitu kwenye karatasi yake. Walimpa alama nzuri, lakini si ya juu kabisa.

Alituma nakala kwa mashirika yote manne. Mawili yalijibu kwa shukrani. Moja lilimwomba afanye wasilisho la dakika kumi kwa njia ya mtandao, kisha likaahirisha, kisha likanyamaza.

Agosti, wiki moja kabla ya kurudi Tanzania kushika kazi yake Muleba, alimpigia Cibalonza kumuaga. Walizungumza juu ya joto la Louisville na juu ya mzee mmoja kazini aliyemwita Cibalonza kwa jina la mkewe aliyekufa. Ernestina hakutaka kuuliza, lakini mwisho akauliza.

"Anapiga simu kila dimanche, baada ya misa," Cibalonza akasema. "Anauliza mutoto, anauliza masomo. Mara ingine napokea. Mara ingine naiacha inalia mpaka inanyamaza."

"Na ukipokea, mnaongea nini?"

"Bon, mambo ya kawaida," akasema. Akasita, kana kwamba neno hilo limemkwama, kisha akaomba radhi, kwa kuwa Sandrine alikuwa anamwita mlangoni na walikuwa wanachelewa sokoni.